Risala ya Klabu ya Programu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Klabu yetu ilianzishwa mwaka juzi na wanafunzi sita. Leo tuko 31, na kila Jumatano na Jumamosi tunakutana kwenye chumba cha kompyuta kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ruhusu tukusimulie tulivyoanza, maana ombi letu limetokana na mwanzo huo. Noti zetu za kwanza zilikuwa fotokopi zilizokwisha kupita mikono mingi. Zoezi la kwanza lilikuwa kuiamuru kompyuta iandike salamu kwenye skrini. Tukaandika neno print, tukafuatisha salamu, sawasawa na noti. Kompyuta ikakataa. Zoezi la tatu likatuchanganya zaidi: noti zinasema 7 ukigawa kwa 2 jibu ni 3, kompyuta inatoa 3.5. Kwa wiki mbili tuliamini kompyuta zetu ni mbovu, au sisi ndio hatuna akili ya kazi hii. Wenzetu watatu waliacha kuja. Ndipo mwalimu wetu mlezi alipotumia bando la simu yake kutafuta, akakuta kwamba noti zile ni za Python 2 na kompyuta zetu zina Python 3, toleo linalotaka salamu iwekwe ndani ya mabano na lisilokata nusu likigawa namba. Hapakuwa na ubovu wala ujinga. Lugha ilikuwa imebadilika, na habari hazikuwa zimetufikia.

Tukauliza: nani aliibadilisha, na kwa nini hatukuulizwa?

Swali hilo limetufundisha kuliko mazoezi yote. Python ilianzishwa na Guido van Rossum, mwishoni mwa 1989, akiwa kwenye taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam, Uholanzi. Toleo la kwanza alilitoa hadharani Februari 1991. Ni programu huria: yeyote anaweza kuitumia bila malipo, kuusoma msimbo wake, yaani maagizo yaliyoijenga, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Lakini kilichotushangaza ni kwamba hata maneno ya watu waliobishana juu yake yako wazi. Anayetaka lugha ibadilike huandika pendekezo, nalo huitwa PEP na kupewa namba. Anaeleza anachotaka, sababu zake na madhara yake. Watu wanajadili hadharani. Yale mabano ya print yaliyotutesa ni PEP namba 3105, la mwaka 2006. Suala la kugawa namba lilikwisha kuandikiwa PEP 238 tangu 2001, kwa sababu jibu linalokata nusu kimyakimya linaweza kuharibu hesabu ya mtu bila mwenyewe kujua. Tulipoisoma sababu hiyo tulinyamaza. Fikiria, Mheshimiwa, programu inayokokotoa wastani wa alama za wanafunzi na kuwapunguzia baadhi yao nusu alama.

Hata hivyo, kukubaliana kubadilika ni jambo moja, na watu kuhama ni jambo jingine. Python 3 ilitoka Desemba 2008. Watu hawakuhama. Programu zao zilikuwa zimejengwa juu ya maktaba, yaani makusanyo ya msimbo ulio tayari kutumika, zilizoandikwa na wengine, na maktaba hizo nazo zilikuwa bado kwenye Python 2. Kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie. Mwisho wa Python 2 ulikuwa umepangwa 2015. Mwaka 2014 wahusika waliona wengi wataachwa njiani, wakausogeza hadi mwaka 2020. Kwa hiyo safari ya kuhama ilichukua zaidi ya miaka kumi. Sisi hatuwalaumu waliochelewa, maana tunajua ilivyo kuwa mtu wa mwisho kupata habari.

Jambo jingine lililotugusa ni la mwaka 2018. Pendekezo la alama moja ndogo, nukta mbili ikifuatwa na alama ya sawasawa, lilizua ubishi mkali. Lilipitishwa, lakini Julai mwaka huo Guido mwenyewe, aliyekuwa na kauli ya mwisho kwa karibu miaka thelathini, alitangaza kwamba anang'atuka kwenye uamuzi. Alichoka. Hakumteua mrithi. Waliobaki walijadili mifumo saba ya uongozi, wakapiga kura, wakachagua baraza la watu watano linalochaguliwa upya kila litokapo toleo kubwa la lugha. Ndani yake wakaweka sharti kwamba wajumbe wanaoajiriwa na kampuni moja wasizidi wawili. Mzazi yeyote hapa aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kikoba anaelewa mara moja sharti hilo linazuia nini.

Mheshimiwa, tumeiga. Tunaendelea kutafsiri kwa Kiswahili sura za mwanzo za mafunzo ya Python, kwa sababu tangu 2017 kuna utaratibu rasmi, PEP 545, wa kuweka nyaraka hizo katika lugha nyingine, na Wafaransa, Wajapani na Wakorea walitangulia. Sehemu ya msimbo inayojirudia tuiiteje? Upande mmoja ulisema "kitanzi". Mwenzetu mmoja akapinga kwamba kitanzi ni cha kunyongea. Mwingine, mtoto wa mvuvi, akasema kwao kitanzi ndicho kinachoishika mashua isichukuliwe na maji. Wengine wakataka "mzunguko". Tulibishana Jumamosi tatu. Mwishowe tumechukua "kitanzi", na ndani ya daftari la klabu tumeandika pia hoja za "mzunguko" bila kuzipunguza, kama PEP zinavyohifadhi mawazo yaliyokataliwa pamoja na sababu zake, ili atakayekuja mwakani ajue tulifika wapi.

Wala sisi si wa kwanza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Na mwaka 2023 watumiaji wa Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa Python, walifanya mkutano wao wa Afrika hapa hapa nchini, Zanzibar.

Changamoto yetu kubwa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni intaneti. Majadiliano haya yanaendelea leo, na sisi tunayasoma wiki moja baadaye, kwenye flashi ya mwalimu. Anayechelewa wiki moja hasikiki. Kwa unyenyekevu tunaomba utusaidie chumba cha kompyuta kipate intaneti, angalau kwa siku mbili tunazokutana. Kompyuta ni tisa, tunakaa watatu watatu hadi wanne. Tukiongezewa hata tano tutashukuru sana, na zilizotumika zinatufaa kabisa. Tunaomba pia utufikishe Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ili wataalamu waipitie orodha yetu ya istilahi. Wakitukatalia "kitanzi", tutaomba sababu, na tutaiandika.

Daftari hilo liko mezani mbele yako. Ukurasa wa mwisho tumeuacha wazi ili utuandikie neno lolote unaloona tumelitafsiri vibaya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa klabu na kusomwa kwako na katibu wao.