Nati za Magurudumu Zikazwe kwa Kipimo, na Aliyezikaza Aandike Jina Lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye gereji wa Dar es Salaam, pamoja na mafundi wanaofanyia kazi chini ya miembe na pembezoni mwa barabara, kuhusu jambo linalochukua dakika chache lakini limebeba roho za watu: kukaza nati za magurudumu baada ya gari kufanyiwa matengenezo.

Gari la familia yetu, Toyota Noah, lilipelekwa gereji kubadilishiwa breki padi, kazi ambayo haifanyiki bila kufungua magurudumu. Lilirudi limeoshwa na breki zake zikishika vizuri. Siku chache baadaye mwanangu alikuwa akiliendesha katika Barabara ya Mandela, kutoka Tabata kuelekea Ubungo, akiwa amewapakia wadogo zake, ndipo aliposikia kitu kikigonga upande wa nyuma kushoto, na usukani ukaanza kutetemeka. Alipofika External aliegesha kando. Nati moja kati ya tano haikuwepo kabisa, mbili zilizunguka kwa vidole bila spana, na mbili zilizobaki nazo zilikuwa zimeanza kulegea. Nilipofika na kuinama kulitazama gurudumu lile, niliona unga mweusi wa chuma umezunguka kila tundu la rimu, na matundu yenyewe, ambayo kiwandani hutobolewa duara kamili, yalikuwa yamelika upande mmoja. Stadi, yaani zile boliti zilizochomoza kwenye habu (kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake), mbili zilikuwa zimelala nyuzi zake kiasi kwamba nati mpya isingeweza kupanda.

Sitaitaja gereji hiyo. Kilichonisukuma kuandika ni jibu nililopewa niliporudi kuuliza: "Mama, barabara zetu ndizo hizi, nati lazima zilegee zenyewe." Jibu hilo nimelisikia pia kutoka kwa majirani waliopatwa na jambo kama langu, na limezoeleka kiasi kwamba mteja huondoka akilaumu mashimo ya barabarani badala ya mkono ulioshika spana. Jibu hilo si sahihi, na ni muhimu wasomaji wako wajue kwa nini.

Nati ikikazwa sawasawa huivuta stadi, nayo stadi hurefuka kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho, na mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili zilizobanwa ndio unaobeba mzigo gari linapofunga breki, linapokata kona au linapotumbukia kwenye shimo. Rimu haikutundikwa kwenye stadi kama nguo kwenye msumari. Mbano huo ukipungua, rimu huanza kusogea kidogo kidogo juu ya habu, na kila gurudumu linapozunguka stadi hupindwa huku na huku, nati huzidi kujifungua, na mwisho chuma huchoka na kukatika. Barabara mbovu huharakisha maangamizi hayo, sikatai, lakini magari ambayo nati zake zilikazwa inavyotakiwa hupita kwenye mashimo hayo hayo mwaka mzima bila kupoteza hata moja.

Kiwango cha kukaza kipo, na mtengenezaji wa gari amekiandika kwenye kitabu cha gari. Kwa magari mengi madogo ya Toyota ni nyutoni-mita 103, ambayo maana yake ni sawa na kukandamiza kwa uzito wa kilo 35 hivi mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 30. Fundi mwenye nguvu anaweza kukifikia kwa mkono, lakini hawezi kujua kama amekifikia, hasa jioni akiwa amechoka na wateja watatu wanamsubiri. Kosa la upande wa pili nalo ni la kawaida hapa kwetu: fundi anachomeka bomba kwenye spana na kusimama juu yake. Mtu wa kilo 70 akisimama mwishoni mwa bomba la mita moja anaweka nguvu inayozidi mara sita ya ile iliyokusudiwa. Mashine ya upepo ya kukazia nati nayo, ikiachwa ilie hadi fundi aridhike na sauti yake, huweza kufanya vivyo hivyo. Stadi iliyovutwa kupita kiasi hairudi katika urefu wake, wala haibani tena kama mwanzo, na mwenye gari akipata pancha usiku barabara ya Bagamoyo hataweza kuifungua nati hiyo kwa spana iliyomo ndani ya gari lake.

Dawa ya makosa yote mawili ni toki renchi, ile spana yenye kipimo, ambayo hulia au kuonyesha pale nguvu inapofikia kiasi kilichopangwa. Gereji nyingi hazina, na baadhi ya zile zilizonayo huitunza kabatini kwa ajili ya kazi za injini. Ningependa kuiona ikining'inia karibu na jeki.

Hata hivyo, nati nyingi zinazolegea baada ya gari kutoka gereji nadhani hazikukazwa vibaya, hazikukazwa kabisa. Ukikaa kwenye benchi la wateja utaona namna jambo hili linavyotokea. Gurudumu linarudishwa gari likiwa bado juu ya jeki, saidia fundi anazizungusha nati kwa mkono mpaka zikae, kisha anaitwa kwenda kushika taa kwenye gari jingine. Fundi anarudi, anaona nati zote zipo mahali pake, anaamini kijana ameshamaliza, anateremsha jeki na kukabidhi funguo. Kijana naye anaamini fundi ndiye atakayekaza gari likiwa chini, maana ndivyo inavyotakiwa: ukazaji wa mwisho hufanyika gurudumu likiwa limekanyaga ardhi, nati moja na kisha ile inayoelekea upande wake wa pili, si kwa kuzunguka duara. Hakuna mzembe kati ya hao wawili kwa namna tuliyozoea kuwaita watu wazembe. Kinachokosekana ni mtu mmoja ambaye kazi hiyo imeandikwa kwa jina lake.

Yapo pia mambo ambayo fundi mwangalifu huyakagua kabla hajachukua spana. Hewa ya chumvi ya jiji letu hujaza kutu kwenye uso wa habu, na mchanga hunasa hapo gurudumu linapolazwa chini. Uchafu huo ukibanwa kati ya rimu na habu husagika gari linapotembea, na nati iliyokuwa imekaza hubaki bila kitu cha kubana. Brashi ya waya inatosha kuuondoa. Vivyo hivyo, anayenunua rimu za spoti zilizotumika na kuzifungia nati zozote zilizopo anajiweka hatarini, kwa sababu nati yenye kitako cha mchongoko haikai kwenye tundu lililochongwa kwa nati yenye washa bapa, hata ukiikaza namna gani.

Baada ya hapo kuna hatua ambayo ni nadra kuisikia hapa mjini, nayo ni kurudia kukaza gari likishatembea kati ya kilomita 80 na 160, kwa kuwa nyuso zilizobanwa huendelea kukaa sawa katika mwendo wa mwanzo, hasa kwa rimu mpya au zilizopakwa rangi. Mkazi wa Kibaha anayefanya kazi Posta hufikisha umbali huo kwa siku moja au mbili. Fundi anapaswa kumwambia mteja arudi, na asimtoze chochote.

Ombi langu kwa wenye gereji ni hili. Tumeshazoea kudai risiti ya EFD kila tunapolipa. Basi kwenye karatasi ya kazi iongezwe mistari miwili, mmoja wa kiasi cha nyutoni-mita kilichotumika kwa kila gurudumu lililofunguliwa, na mwingine wa jina na sahihi ya aliyekaza. Mteja naye aitwe aone kazi hiyo ikifanyika kabla hajapewa funguo, na asionekane msumbufu akiomba kuiona.

VETA, yaani mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ambao pamoja na kufundisha vyuoni huwatambua rasmi mafundi waliojifunzia kazi mitaani, naomba watazame kama mtahiniwa wa ufundi magari anaweza kupewa cheti bila kuonyesha kwamba anajua kutumia toki renchi. Kwa mabasi, daladala na malori hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa nati za magurudumu ya lori kubwa huhitaji nguvu inayokaribia nyutoni-mita 600, ambayo hakuna mkono unaoweza kuikisia. Baadhi ya wasafirishaji wameshaweka vile vishale vya plastiki vya njano juu ya nati, vinavyoelekeana viwiliviwili ili kondakta au dereva akizunguka gari lake alfajiri aone mara moja nati iliyosogea. Naiomba LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ifikirie kuvifanya vishale hivyo kuwa sharti kwa kila gari kubwa la abiria linaloomba leseni ya usafirishaji.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam