Fleti ni ya bei nafuu, lakini jengo halina mwenyewe: tununue au tuache?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya ushauri, kwa kuwa jambo hili mimi na mume wangu tumelijadili hadi tumeanza kurudia maneno yaleyale, na hakuna aliyefanikiwa kumshawishi mwenzake. Tumepanga Tabata, kazi yangu iko Upanga, na kwa miaka mingi tumekuwa tukiweka akiba ili tupate makazi yetu karibu na mjini. Sasa tumeonyeshwa fleti ya vyumba vitatu hapo hapo Upanga, ghorofa ya nne katika jengo la ghorofa sita, ambayo mwenyewe anaiuza kwa shilingi milioni 165, wakati katika jengo la jirani, linalolingana na hilo kwa umri na kwa ukubwa wa vyumba, fleti ya aina hiyo inatajwa kwa milioni 210. Tunachoshindwa kuamua ni kama tofauti hiyo ya milioni 45 ni nafuu ya kweli, au ni mzigo ambao muuzaji anatafuta mtu wa kumtwisha.

Ndani ya fleti sina la kulalamikia. Vigae ni vya zamani lakini havijapasuka, madirisha yanaingiza upepo wa bahari, na muuzaji amebadilisha mabomba ya jikoni na bafuni. Matatizo yanaanza ukishafungua mlango na kutoka. Ngazi hazina taa, chemba ya maji taka iliyo nyuma ya jengo hufurika, hasa wakati wa masika, na lifti imekaa bila kufanya kazi kwa muda mrefu kiasi kwamba wakazi wa chini wameigeuza stoo ya baiskeli. Maji ya DAWASA huingia kwenye tanki la chini, kisha hutakiwa yapandishwe kwa pampu hadi kwenye matanki ya juu ya paa. Lakini pampu hiyo inatumia mita ya LUKU ya pamoja, na uniti zikiisha hakuna anayeona kwamba ni zamu yake kununua. Tulipokwenda kuangalia, vijana walikuwa wakipandisha madumu ya maji kwa malipo. Ukutani, kando ya pampu, kamati imebandika karatasi yenye majina ya wanaodaiwa mchango wa jengo, na baadhi ya majina yamekwanguliwa, nadhani kwa ufunguo, hadi plasta ya ukuta imeonekana.

Linalonitia hofu kuliko yote ni roshani. Chini ya roshani za upande unaoelekea baharini zege limebanduka na nondo zimebaki wazi, zina kutu. Kwenye mbili kati ya hizo mtu amepiga plasta na rangi, na tayari ufa umerudi mahali palepale. Fundi tuliyekwenda naye alitueleza kwamba chumvi iliyomo kwenye hewa ya pwani hupenya ndani ya zege, na nondo zikishaanza kushika kutu hutanuka na kulisukuma zege kutoka ndani, kwa hiyo plasta inaficha tu: inabidi zege bovu litolewe, nondo zisafishwe au zibadilishwe, ndipo pazibwe upya. Gharama hakuitaja, kwa sababu alisema ni lazima kwanza agonge roshani zote kwa nyundo na kusikiliza, jambo ambalo linahitaji ridhaa ya wamiliki wengine. Sisemi kwamba jengo litaanguka. Ila tangu lile la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024, siwezi tena kuuangalia ufa nikaambiwa ni suala la rangi, nikakubali.

Mume wangu yeye anapiga hesabu. Jengo lina fleti 24, na fundi wa lifti ametukadiria lifti mpya kwa milioni 96, yaani milioni nne kwa kila fleti. Hata nusu ya wamiliki wakigoma, anasema, sisi tutalipa milioni nane, tutachangia pampu na chemba, na bado zaidi ya milioni 30 zitabaki mfukoni. Hesabu hiyo siipingi. Ninachopinga ni dhana iliyomo ndani yake, kwamba iko siku wamiliki hao watakaa kikao na kukubaliana. Mchango uliopangwa ni shilingi 60,000 kwa mwezi, ambao ukilipwa na wote unazidi milioni 17 kwa mwaka, lakini kwa maelezo ya mweka hazina wa kamati, wanaolipa hawafiki nusu. Wamiliki wengi hawaishi hapo. Wamepangisha, baadhi wako nje ya nchi, na mpangaji hana sababu ya kutengeneza lifti ya mwenye nyumba. Serikali ilipoamua mwaka 2021 kukata kodi ya majengo kupitia LUKU, haikulazimika kumgongea mtu mlango. Kamati hii inagonga na haifunguliwi. Kwa hiyo lifti mbovu naweza kuiwekea bei, lakini ukaidi wa kutochanga sijui unastahili kupunguziwa shilingi ngapi.

Mama mkwe anaishi nasi na magoti yanamsumbua. Mume wangu anasema atapanda ngazi kwa muda tu. Nikimuuliza ni muda gani, anarudi kwenye hesabu.

Ninafahamu kwamba sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inatambua chama cha wamiliki wa jengo, na kwamba maeneo ya pamoja ni ya wote. Hapa ipo kamati, lakini chama kilichosajiliwa hakipo. Upekuzi wa hati tutamwachia wakili, hilo halinipi shida. Ninachoomba kujua kwenu na kwa wasomaji ni kama mthamini aliyesajiliwa huzingatia hali ya roshani, ngazi na matanki anapothamini fleti moja, au huishia mlangoni; na kama deni la mchango aliloliacha muuzaji, ambaye jina lake ni miongoni mwa yaliyokwanguliwa, litatufuata sisi. Zaidi ya hayo, ningefurahi kusikia kutoka kwa mtu aliyewahi kununua katika jengo la namna hii, akafanikiwa kuwakusanya wamiliki wenzake, na atueleze alianzia wapi.

Mume wangu yuko tayari kumpelekea muuzaji ofa ya milioni 140. Mimi sitaki kutaja bei yoyote kabla roshani hazijagongwa. Muuzaji anadai malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi, na amekataa kutuandikia kwamba atayarudisha endapo zege litaonekana kuwa bovu. Je, kukataa huko peke yake hakutoshi kutufanya tuachane naye?

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam