Betri Zimekufa, Mkunga Amerudia Tochi ya Simu

Ndugu zetu mlio karibu na mlio mbali,

Tunawaandikia tukiwa na haya kidogo, maana mlishachanga. Mlitununulia paneli, betri na taa za zahanati, na siku ya kuziwasha watu hawakutaka kwenda kulala. Leo paneli zipo juu ya paa, nzima kabisa, lakini jua likizama taa hazimalizi saa moja. Betri zimekufa. Juzi mkunga amezalisha huku ameibana simu kwa meno ili immulikie, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mama na mtoto wazima, Mungu ashukuriwe. Chanjo nazo zimehamishwa. Zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na friji yetu haifikishi alfajiri.

Tuseme ukweli kabla hamjauliza: kosa ni letu. Paneli nzuri huishi miaka 25 na zaidi, ila betri za asidi zikikamuliwa hadi tone la mwisho kila usiku hazifiki mbali. Nasi tulizikamua. Simu za kila mtu zilichajiwa pale, bure, na nani angemkatalia jirani? (Ya mwandishi wa barua hii ilikuwamo.) Akiba ya betri mpya hakuna aliyeiweka. Jua halina bili, tukajiaminisha kwamba na umeme wake hauna gharama.

Msiba huu tunao wengi. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 685 duniani hawakuwa na umeme, na walio wengi wako Afrika kusini mwa Sahara. Mataifa yaliahidi mwaka 2015 kwamba ifikapo 2030 kila mtu awe na nishati ya bei nafuu, ya uhakika na endelevu. Ahadi nzuri, na bei ya paneli imeporomoka kweli tangu wakati huo. Lakini neno hilo "endelevu" sisi tumelielewa betri zilipozimika.

Safari hii tunaomba betri za lithiamu, ambazo ni ghali kununua lakini hudumu zaidi, pamoja na kidhibiti cha kukata umeme kabla hazijakaukiwa. Simu zitakuwa na paneli yao ndogo, mbali na ya zahanati, kwa ada kidogo itakayoingia mfuko wa matengenezo. Vijana wawili watafunzwa ufundi, ili waya ukilegea tusingoje mgeni.

Wapo waliosimama mara ile wakaahidi, tukawapigia makofi. Majina yao bado yako daftarini kwa penseli. Hatujayafuta.

Kila mchango utapewa risiti, fedha hazitatoka benki bila sahihi tatu, na hesabu zitasomwa mbele ya wote, pamoja na za mfuko wa matengenezo, kila baada ya miezi mitatu. Kiasi kinachohitajika mwulizeni mweka hazina. Anayo ankara ya fundi na hafichi kitu.

Asiye na fedha lakini anajua kupima betri, naye tunamhitaji. Aje mchana, tutamshikia ngazi.

Katibu, kwa niaba ya kamati