Malalamiko kuhusu diski nzima kutangazwa kuwa imekufa

Studio ya Picha,
Majengo,
Moshi.

17 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uuzaji na Matengenezo ya Kompyuta,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKAGUZI WA DISKI NGUMU ISIYOONEKANA KWENYE KOMPYUTA YA MEZANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga picha na mmiliki wa studio ndogo hapa Majengo, na nimekuwa mteja wenu tangu nilipoifungua. Mwezi Januari mwaka huu niliwaletea kompyuta ya mezani ya studio ili ifungwe SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya aina ya M.2, yaani ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, bodi kuu ya kompyuta, ya kuwekea Windows, kwa kuwa kasi yake ilikuwa imeanza kuchelewesha kazi za wateja. Ndani yake kulikuwa pia na diski ngumu ya inchi 3.5 yenye ukubwa wa TB 3, inayotunza picha za studio, na ilikuwa ikifanya kazi bila hitilafu yoyote hadi saa niliyoikabidhi kwenye kaunta yenu. SSD ilifungwa vizuri, Windows inawaka haraka, na kwa hilo sina lalamiko. Lakini tangu kompyuta ilipotoka kwenye karakana yenu, ile diski ya TB 3 haikuonekana tena, si kwenye Windows wala kwenye BIOS, yaani programu ya ubao inayotambua vifaa kabla Windows haijawaka.

Niliirudisha Arusha. Fundi wenu alinipa karatasi yenye maneno haya: "Diski imekufa. Inunuliwe mpya." Nilitozwa shilingi 30,000 za ukaguzi na kupewa bei ya diski nyingine. Kabla ya hapo fundi huyo huyo alikuwa ameshika kipanya tayari kuianzisha upya diski yangu, yaani kuiandaa kama diski mpya tupu, na angefanya hivyo kama nisingemzuia. Diski hiyo ni nzima. Iko mezani kwangu sasa hivi, ndani ya kompyuta ile ile, na picha zote zinafunguka. Kilichoizuia isionekane ni kazi iliyofanyika kwenu, na ukaguzi nilioulipia haukugusa hata hatua moja ya zile ambazo zingelionyesha jambo hilo.

Naomba kwanza mfahamu kilichokuwa hatarini. Watu wa Moshi na vijiji vya mlimani hurudi nyumbani mwezi Desemba, na miezi hiyo miwili ya Desemba na Januari ndiyo yenye harusi, ubatizo, kipaimara, na misiba inayosubiri ukoo wote ukusanyike. Kazi za miaka iliyopita zina nakala nje ya kompyuta, lakini za msimu huo zilikuwa bado zinachaguliwa na kusafishwa, hivyo zilikuwa kwenye diski hiyo pekee. Miongoni mwake ni picha za bibi mmoja wa Kibosho aliyepigwa akiwa ameketi kwenye kigoda na vitukuu vyake wakiwa wamemzunguka. Alifariki wiki chache baadaye, na familia ilikuwa inasubiri picha hiyo kwa ajili ya mazishi. Diski mpya hununuliwa dukani, lakini picha ile haipatikani kokote.

Sasa nieleze ukaguzi wenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza na nilikuwa nikiangalia skrini. Fundi aliwasha kompyuta, akaingia kwenye BIOS, hakuiona diski, akazima. Hakubadilisha kebo ya data, hakubadilisha tundu ilimochomekwa, hakuuliza ni kazi gani ilifanyika kwenye mashine hiyo mara ya mwisho. Aliichomoa diski, akaiweka kwenye adapta ya USB ya zamani yenye waya wake wa umeme, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkononi. Diski ikaanza kuzunguka. Nilipoweka kiganja juu yake nilihisi mtetemo mwepesi ulio sawasawa, na hapakuwa na mlio wa kugonga. Kwenye kidirisha cha kusimamia diski ilijitokeza kama diski isiyo na mgawanyo wowote unaosomeka, ikiwa na ukubwa wa GB 746, na Windows ikauliza kama ianzishwe upya. Fundi akasema, "Unaona? Hata ukubwa wake umeharibika."

Namba hiyo ya 746 ilipaswa kumsimamisha pale pale. Diski ya TB 3 huonyeshwa na Windows kuwa na takriban GB 2,794, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Adapta nyingi za zamani huhesabu sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, kwa namba isiyoweza kuvuka 4,294,967,296, na kwa sekta za baiti 512 kikomo hicho ni GB 2,048. Diski ikizidi hapo, hesabu huanza tena kwenye sifuri, na kinachoonekana ni kile kilichobaki. Toa 2,048 kwenye 2,794 na mtapata 746 kamili. Kwa hiyo namba aliyoisoma fundi kama dalili ya kifo cha diski ilikuwa dalili ya uzee wa adapta ya karakana yenu, na kila diski nzima ya TB 3 itakayowekwa kwenye adapta hiyo itasoma hivyo hivyo.

Kama ningemwachia abonyeze kukubali, Windows ingeandika jedwali jipya la mgawanyo (orodha ya sehemu za diski) mahali pa lile la zamani, na kama ingefuatiwa na kufomati na kuandika mafaili mapya, yale ya chini yake yangefunikwa. Diski yenye data ya mteja isiyosomeka huachwa kama ilivyo mpaka sababu ijulikane. Hili ni jambo la msingi katika kazi yenu, na linaniuma kwamba mteja ndiye aliyelazimika kulisema.

Nilirudi Moshi na kompyuta yangu. Nilipofungua ubavu wa kasha niliona kwamba kebo ya diski ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la SATA (tundu la data la diski kwenye ubao mama) namba 5. Nikachukua kitabu cha maelekezo cha ubao mama, ambacho hupatikana pia bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kwenye ukurasa wa matundu ya kuhifadhia data kuna jedwali linaloeleza waziwazi kuwa tundu la M.2 likitumika, matundu ya SATA namba 5 na 6 huzimwa. Mbao mama nyingi zina utaratibu wa namna hii, kwa kuwa njia za data zinazotoka kwenye chipu kuu ya ubao zina idadi maalumu na baadhi yake hutumiwa kwa zamu kati ya M.2 na SATA. Siku SSD ilipofungwa, tundu la diski yangu lilizimika. Diski iliendelea kupata umeme na kuzunguka, kwa sababu umeme wake hutoka moja kwa moja kwenye pawa saplai kupitia kiunganishi kingine, lakini haikuwa na njia ya kuzungumza na ubao mama. Ndiyo maana mtetemo ulikuwepo na jina halikuwepo.

Nilizima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikaihamishia kebo kwenye tundu namba 2, nikawasha. BIOS iliorodhesha diski kwa jina na namba yake, na Windows ikaifungua kwa herufi ile ile ya zamani. Sikununua kitu chochote.

Ili nisije nikaandika malalamiko yasiyo na uthibitisho, nilisoma pia kumbukumbu za afya za diski, zile zinazoitwa SMART. Idadi ya sekta zilizohamishwa ni sifuri, sekta zinazosubiri kuhamishwa ni sifuri, na makosa ya mawasiliano ya kebo, ambayo hurekodiwa kwenye kipengele namba 199, nayo ni sifuri. Nimeambatisha picha ya taarifa hiyo, picha ya ukurasa wa kitabu cha maelekezo, nakala za risiti zenu zote mbili, na nakala ya karatasi inayosema diski imekufa.

Sipingi kwamba diski hufa. Zipo zinazogonga kwa sababu vichwa vya kusomea vimeharibika, na hizo hazitakiwi kuwashwa tena na tena. Zipo ambazo bodi yake ya chini imeungua kwa umeme uliozidi, na hizo hazizunguki kabisa. Zipo ambazo motor imekwama. Kila moja ina dalili yake, na hakuna hata moja ya dalili hizo iliyokuwepo kwenye diski yangu. Fundi anayesikia diski ikizunguka kwa utulivu, na anayejua kuwa mashine hiyo imetoka kufungwa kifaa kipya kwenye karakana ile ile, huanza na kile kilichobadilishwa: tundu, kebo, mipangilio ya BIOS, kiunganishi cha umeme. Kazi hiyo yote haimalizi nusu saa. Kebo ya data ya SATA ina pini 7 na huingia upande mmoja tu, hivyo kuihamisha hakuhitaji hata bisibisi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulipenda. Baada ya kunipa ile karatasi, fundi alinishauri niiache diski hapo dukani kwa kuwa haina kazi tena. Ndani yake kuna picha za pasipoti na za vitambulisho za watu wa mji huu, pamoja na majina yao na namba zao za simu kwenye daftari la oda. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, mimi nina wajibu juu ya taarifa hizo, na ninyi mnaopokea diski za watu mnao pia. Diski nzima iliyowekwa kwenye boksi la vyuma chakavu inaweza kuchomekwa na yeyote kwenye tundu lililo hai na kufunguka kama ilivyofunguka kwangu.

Hapa ndipo malalamiko yangu yanapowahusu wengine kuliko yanavyonihusu mimi. Kufunga SSD ya M.2 kwenye kompyuta ya mezani ya miaka kadhaa ni kazi mnayoitangaza kila siku, na bango lake liko mlangoni. Kama mafundi wenu hawasomi jedwali la matundu kabla ya kufunga, basi wapo wateja wengine ambao diski zao zilitoweka siku hiyo hiyo, wakaambiwa zimekufa, wakanunua mpya, na wakaziacha za zamani kwenu. Wengine watakuwa wamiliki wa maduka ya vifaa vya ofisi, walimu wenye mitihani ya miaka mingi, makatibu wa vyama vya ushirika wenye hesabu za wakulima wa kahawa. Hawa hawana sababu ya kufungua kasha na kutafuta kitabu cha ubao mama. Waliwaamini.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Kwanza, nirudishiwe shilingi 30,000 nilizolipa kwa ukaguzi ambao haukufanyika. Pili, nipewe barua inayofuta ile taarifa ya kwamba diski yangu imekufa, kwa kuwa taarifa hiyo ina mhuri wa kampuni yenu na imehifadhiwa kwenye kumbukumbu zenu kuhusu mashine yangu. Tatu, ile adapta iondolewe kwenye meza ya ukaguzi, au angalau iandikwe kwa wino usiofutika kwamba isitumike kwa diski inayozidi TB 2. Nne, na hili ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, mpitie vitabu vyenu vya kazi na kuwapigia simu wateja wote waliofungiwa M.2 kisha wakarudi na diski isiyoonekana, muwaombe warudi na diski zao bila malipo, na zile zilizoachwa kwenu zijaribiwe kwenye tundu lililo hai kabla ya kuuzwa, kuharibiwa au kufomatiwa. Naomba pia zoezi hilo lianze na zilizoachwa, maana kila siku inayopita ni nafasi ya diski moja kufomatiwa ili iuzwe kama iliyotumika.

Natarajia majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipoyapata, nitawasilisha barua hii na viambatisho vyake kwa Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ambayo inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Ningependelea tusifike huko. Niko tayari kuja Arusha na kompyuta yenyewe, kuichomeka diski kwenye tundu namba 5 na kisha namba 2 mbele ya mafundi wenu wote, ili waone kwa macho yao tofauti iliyopo, na kwa kazi hiyo sitadai malipo yoyote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki,
Studio ya Picha, Majengo, Moshi.

Viambatisho: taarifa ya afya ya diski, ukurasa wa kitabu cha maelekezo cha ubao mama, nakala za risiti mbili, nakala ya taarifa ya ukaguzi.