Diwani wetu amuulize nani habari ya maji?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza sisi wakulima wa vijijini hapa mkoani Tabora.

Robo mwaka iliyopita nilikwenda kusikiliza kikao cha baraza la madiwani. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kukaa kimya akasikiliza, ingawa wengi hatulijui hilo. Asubuhi yote ilikwisha kwa mambo ya mji: viwanja vipya vinapimwa, reli ya kisasa ya SGR inakuja, wawekezaji wanataka uhakika wa maji. Diwani wetu alisubiri. Mkononi alikuwa na daftari ambalo kina mama wa kitongoji chetu walikuwa wakiandika kila alfajiri, idadi ya madumu yaliyopangwa kwenye kilula, yaani bomba letu la pamoja la kuchotea maji, kabla mwenye ufunguo hajafika. Siku moja 63, siku nyingine 71. Alipopewa nafasi ilikuwa inakaribia saa tisa, na mtaalamu wa maji alikwishaondoka. Akaambiwa swali lake litajibiwa kwa maandishi. Hadi naandika barua hii, jibu halijaja.

Diwani simlaumu. Zamani mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa mtumishi wa halmashauri. Diwani akisimama kuuliza, mwenye kujibu alikuwa ukumbini. Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ikaanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na maji ya vijijini yakahamia chini ya Wizara ya Maji. Sababu zake nazielewa. Miradi mingi ilikuwa imefia mikononi mwa halmashauri, pampu zimeungua, matangi yamebaki makavu, na sitaki turudi huko. Lakini kura yangu nilimpa diwani. Kilula kikikauka, watu wanakwenda kugonga kwake usiku, ilhali bajeti, mafundi na ratiba viko kwa watu asio na mamlaka nao. Anabaki kuomba.

Na watu tunaongezeka. Sensa ya 2012 ilituhesabu mkoa mzima 2,291,623. Ya mwaka 2022 ikatukuta 3,391,679. Maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yamefika Igunga, Nzega na Tabora mjini, mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea bwawa la Igombe. Tulishangilia na sisi, maana tuliambiwa kwamba vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kila upande wa bomba kuu vitaunganishwa. Kijiji chetu kiko kama kilomita 9. Mabomba ya plastiki yaliletwa kwa lori, yakalazwa kando ya uwanja wa shule ya msingi. Yapo mpaka leo. Watoto huyakalia wakati wa mapumziko, na rangi yake imeanza kupauka kwa jua.

Kwa sasa tunanunua maji ya kisima kwenye kilula, shilingi 50 kwa dumu la lita 20. Piga hesabu, Mhariri: uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, ni madumu 50, kwa hiyo ni shilingi 2,500. Pampu ikiharibika tunanunua kwa vijana wa baiskeli, dumu shilingi 500, na hapo uniti inafika shilingi 25,000. Mtu wa mjini mwenye bomba uani hajawahi kuiona bei hiyo kwenye bili yake. Na kiangazi ndipo tunapohangaika na vitalu vya tumbaku, vinavyotaka kumwagiliwa asubuhi na jioni. Tumbaku hiyo ikiuzwa, halmashauri inapata ushuru wa asilimia 3, na fedha inaingia kwenye kapu lilelile linalopima viwanja vya mjini. Sioni ubaya mji kukua, watoto wetu wanasoma huko na mazao yetu yanauzwa huko. Ninachokataa ni mji kukua kwa jasho letu huku foleni ya madumu ikirefuka. Hata Ilani ya chama tawala ya 2020 ililenga upatikanaji wa maji ufikie asilimia 85 vijijini na 95 mijini ifikapo 2025. Tangu kwenye kupanga, sisi tumewekwa nyuma.

Naomba madiwani wetu, wa mjini na wa vijijini, wakubaliane maji yawe ajenda ya mwanzo katika kila kikao cha robo mwaka, wataalamu wakiwa bado wamekaa. Taarifa iletwe kata kwa kata, ikionyesha vilula vinavyotoa maji leo, siyo vilivyojengwa. Vilivyojengwa tunavyo, vingine mbuzi wanajikuna navyo. Na kabla baraza halijapitisha viwanja vipya, liulizwe swali moja: maji yake yatatoka wapi, na ni kijiji gani ndani ya zile kilomita 12 bado kinasubiri?

Daftari la madumu bado linaandikwa. Diwani atakwenda nalo kikao kijacho, na safari hii tumekubaliana kwenda naye, wanawake walioliandika wakiwa mbele.

Mkulima wa tumbaku,
Tabora