Mbuzi anayelia katika wimbo wao ni wa shangazi yangu

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu enzi ambazo sisi mafundi picha wa Dodoma tulisafisha picha za pasipoti katika chumba cha giza na kuzianika kwa vibanio, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia, hata mlipokosea jina la kata yetu mara mbili katika habari moja. Ile habari yenu ya vijana wa hapa wanaotafuta riziki kwa video za mtandaoni ndiyo iliyonishinda. Mwandishi wako alieleza, kwa uhakika wa hakimu, kwamba anayepoteza mapato ya matangazo kwa sababu ya madai ya hakimiliki amejitakia mwenyewe, kwa kuwa ametumia kazi ya mtu bila ruhusa. Mimi nimeyapoteza, na sikutumia kazi ya mtu yeyote.

Mwaka 2019 nilikwenda Mvumi kwenye sherehe ya ukoo, nikamrekodi shangazi yangu na wenzake wanne wakipiga muheme. Asiyeijua ngoma hiyo ya Wagogo aelewe kwamba ni ya wanawake, hubanwa katikati ya mapaja, na mkono wa mpigaji aliyekolea huwezi kuufuata kwa macho, sembuse kwa kamera ya simu iliyoegemezwa kwenye gunia la uwele. Shangazi alipobadili mdundo, mbuzi wake aliyefungwa nyuma ya tembe akalia mara mbili, na mtoto akasikika akimkemea anyamaze. Sikuikata sehemu hiyo, kwa sababu shangazi aliangua kicheko huku mikono haijapoteza pigo hata moja, na naamini ni kicheko hicho kilichofanya video ile itazamwe kuliko harusi zote nilizowahi kupandisha YouTube.

Mwandishi wako aliandika pia kana kwamba fedha za YouTube huanza kumiminika siku ya kwanza. Ili ugawiwe mapato ya matangazo kwa njia ya video ndefu unatakiwa uwe na watu 1,000 waliojiunga na chaneli yako, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na fungu lako ni asilimia 55. Hulipwi hadi utimize dola 100, na kabla ya hapo unasubiri namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako, inayoletwa kwa posta, ndani ya bahasha ya karatasi, kutoka kwa watu wanaoweza kuiona paa ya nyumba yangu kwa setilaiti. Bahasha yangu ya tatu ndiyo iliyofika, tena katika sanduku la shule ya msingi, kwa kuwa mimi sina sanduku.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mwaka huu kampuni moja ya kusambaza muziki, ambayo sitaitaja, iliweka madai juu ya video ya shangazi kuanzia dakika ya 2 na sekunde 38 hadi dakika ya 4 na sekunde 5. Niliutafuta huo wimbo wanaosema ni wao, nikauweka kwenye spika za studio na kuusikiliza mara nne. Ni mdundo wa kompyuta uliotandazwa juu ya muheme ya Mvumi, wameuharakisha kidogo, na katikati yake, Mhariri, mbuzi analia mara mbili. Hawakujisumbua hata kumtoa mbuzi! Walichukua sauti kutoka katika video yangu, wakaiingiza katika Content ID, mfumo wa kulinganisha sauti na picha ambao umekuwapo tangu mwaka 2007, na mashine hiyo, ambayo kazi yake ni kutambua vinavyofanana na si kuuliza ni nani aliyetangulia, ikapita kwenye video za dunia nzima, ikamkuta mbuzi kwangu, ikaniona mimi ndiye niliyemwiba. Tangu siku hiyo matangazo ya kubeti yanayotokea juu ya ngoma ya shangazi yangu yanawalipa wao. Nilipouliza kama nami naweza kuisajili sauti ile katika mfumo huohuo, nilielewa kwamba haufunguliwi kila mtu, bali wenye kumiliki kazi nyingi. Aliyebeba mzigo wangu amepewa ufunguo wa ghala, nami nimeambiwa nisubiri nje.

Habari yenu ilimalizia kwa kusema kwamba mtu asiyeridhika anaweza kupinga bila malipo. Ni kweli, kupinga ni bure. Lakini mlisahau kuwaeleza wasomaji kwamba pingamizi hulijibu yuleyule aliyedai, naye hupewa siku 30. Ni sawa na kumwandikia barua aliyeswaga ng'ombe wako, ukimwomba aamue kwa haki ng'ombe ni wa nani. Huyu wangu alijibu siku ya 29 kwamba ni wake. Fedha za kipindi cha mabishano huwekwa kando tangu mwanzo endapo utapinga ndani ya siku 5 tangu madai yawekwe, ila mimi niligundua baada ya wiki tatu, kwa kuwa barua pepe ile ilikuja kwa Kiingereza cha wanasheria nikadhani ni matapeli. Sasa nimekata rufaa, ambayo mdai anapaswa kuijibu ndani ya siku 7, na akitaka anaweza kuijibu kwa kuomba video iondolewe kabisa, nami nikapata onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanatosha kuifunga chaneli nzima pamoja na harusi za watu zilizomo. Na nikitaka kuendelea kubisha baada ya video kuondolewa, kwa utaratibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, nitatakiwa nitie saini kwamba nakubali kushtakiwa California. Mimi, ambaye nauli ya treni kwenda Dar es Salaam huipangia bajeti!

Sisemi kwamba wezi hawapo. Mtaani kwetu Majengo yupo kijana anayepandisha mechi nzima za mpira na kuzigeuza kulia kushoto ili mashine isizitambue, na sijamwonea huruma walipomfungia. Ninachokikataa ni kumweka yeye na mimi katika sentensi moja.

Tena, kabla ya kuwanyooshea vijana kidole, ninyi wenye vyombo vya habari mngejitazama. Mara ngapi runinga zetu zinaonyesha video ya mtu na kuandika pembeni "Picha: Mtandaoni", kana kwamba Mtandaoni ni fundi picha mwenye studio? Gazeti lako nalo lilichapa picha iliyotolewa katika video hiyohiyo ya Mvumi, bila jina langu, kwa maelezo kwamba ni "wakazi wa Dodoma wakiburudika".

Najua kwamba Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1994, na kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi bila kumlazimisha kujisajili kwanza. Lakini kampuni ile haikutishwa na mkataba wala sheria, kwa hiyo naomba kitu kidogo zaidi. COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, waweke dirisha moja hapa Dodoma, kila Jumatano kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, akae hapo karani mmoja mwenye spika nzuri na Kiingereza cha barua. Mtu aje na simu yake, asikilizwe sauti yake na ya mdai, kisha aandikiwe ukurasa mmoja wenye tarehe na muhuri wa kuambatisha kwenye rufaa. Ningependa kumpeleka mbuzi awe shahidi, lakini aliliwa Krismasi ya mwaka uleule wa 2019.

Nanyi mrekebishe maelezo ya picha ile. Yule wa katikati, mwenye kitenge cha njano, ni shangazi yangu, na hakuwa akiburudika bali alikuwa akipiga muheme.

Ni mimi,
Fundi picha wa Majengo,
Dodoma.