Wanafunzi wa shule yetu ya kata waulizwe kabla sisi wazazi hatujaihukumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie namna sisi wazazi wa Ujiji tunavyoisema shule yetu ya sekondari ya kata, na namna watoto wanaosoma humo wanavyoisema. Nimetambua kwamba kauli hizo mbili haziendi pamoja, na kwamba inayosikika ni moja tu, nayo ni ya sisi tusioketi darasani.

Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, huku kwetu simu hupita mkono kwa mkono vibarazani, jina la shule hutafutwa, macho hukimbilia idadi ya daraja la kwanza na idadi ya sifuri, na hukumu hutolewa hapo hapo kabla kahawa haijapoa. Safari hii nilimsikia mzee mmoja ninayemheshimu sana akisema kwamba kumpeleka mtoto pale ni kumpotezea miaka minne. Mzee huyo hana mtoto wala mjukuu katika shule ile, na hajapata kuvuka geti lake. Sikumjibu, kwa heshima ya umri wake, lakini neno lake lilinikaa moyoni, kwa sababu binti yangu alimaliza pale na mdogo wake yuko kidato cha tatu pale pale.

Siandiki kwa kuzibeza shule hizi. Nilimaliza darasa la saba hapa Ujiji mwaka 1989; darasani tulikuwa zaidi ya arobaini, na waliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali walikuwa wawili. Mimi sikuwamo. Elimu ya kidato cha nne niliipata baadaye nikiwa mtu mzima mwenye familia, kwa kusoma jioni, kufanya Mtihani wa Maarifa, ule unaompa asiyepita sekondari ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, kisha kukaa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ndiyo maana Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 na kata zikatakiwa kujenga sekondari zao, nilisomba mawe na mchanga pamoja na wenzangu bila kusukumwa na mtu, na ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, nilishukuru kwa niaba ya majirani ambao watoto wao walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha hiyo.

Mkutano wa wazazi uliopita ulichukua karibu saa tatu. Ajenda zilikuwa ufaulu, nidhamu, michango na mengineyo. Wazazi tuliosimama, nami nikiwa mmoja wao, tulisema tuliyozoea kuyasema: walimu hawafuatilii, watoto wana simu, utoro umezidi, Hisabati ni balaa, fimbo zimepungua. Aliyetaka fimbo ziongezwe alipigiwa makofi. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja wa kusikiliza wala wa kusema. Kaka mkuu na dada mkuu niliwaona mara moja tu, asubuhi, wakipanga viti.

Usiku ule nilimuuliza mwanangu angesema nini kama angepewa nafasi. Jibu lake lilinifanya niwaulize na wenzake, ambao huja kwetu Jumapili kujisomea, kisha mama zao wawili watatu. Sikuwa na dodoso. Niliwauliza swali moja: shuleni kwenu kingebadilishwa kitu gani kwanza? Hakuna aliyeanza na matokeo.

Wengi walianza na chakula. Mtoto hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, pengine kwa chai ya rangi na pengine bila kitu, na hurudi baada ya saa tisa alasiri. Waraka ulioondoa ada uliacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi, na sisi tulikubaliana kuchangia mahindi na maharage kila muhula. Ambaye mzazi wake hajatoa, hali. Binti mmoja wa kidato cha pili aliniambia kwamba saa ya chakula huingia maktaba, si kwa ajili ya kusoma, bali kwa kukwepa harufu ya maharage. Mama yake huchuuza dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi. Nilipomfuata hakukataa kwamba anadaiwa. Alinieleza kwamba tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei 2024, ili samaki wazaliane, mtaji wake haujasimama tena sawasawa, na kwamba huona haya kupita mbele ya ofisi ya shule. Sasa nikachunguza ratiba ya darasa la mwanangu. Vipindi vya Hisabati na Fizikia, kwa siku tatu kati ya tano, ni vya mchana, baada ya saa hiyo ya chakula ambacho sehemu ya darasa haikula. Mimi mwenyewe nilisimama mkutanoni nikailalamikia Hisabati, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza inafundishwa saa ngapi na kwa watoto waliokula nini.

Jambo la pili lililorudiwa ni fimbo za getini. Wapo wanaotoka pembezoni mwa kata na wapo waliopangiwa shule yetu kutoka kata jirani, nao hutegemea daladala, ambazo makondakta wake huwazuia wanafunzi kupanda mpaka abiria wa nauli kamili watoshe. Anayechelewa huchapwa na yeyote aliye zamu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema kwamba viboko visizidi vinne, kwamba atakayevitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kwamba kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Watoto niliozungumza nao hawajapata kukiona kitabu hicho. Walinieleza pia jambo ambalo hatukulisikia ukumbini: mwanafunzi akiona muda wa kengele umepita, huona heri ageuze njia kuliko kufika getini, na jina lake huingia katika orodha ya watoro. Basi utoro tulioulalamikia na fimbo tulizozipigia makofi vilikuwa jambo moja, nasi tulivijadili kama mambo mawili.

Kuhusu lugha walikuwa na maneno machache lakini mazito. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kuikuta Historia, Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza, na wiki za mwanzo za kumzoesha hazimtoshi. Mwanangu aliniambia, "Baba, jibu ninalijua, ila siwezi kuliandika." Mabinti walisema habari ya vyoo visivyo na maji. Hilo lilinichoma kwa namna ya pekee, kwa kuwa binti yangu alipokuwa pale alikuwa akibaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi kwa kisingizio cha kichwa kuuma, na sababu yenyewe mama yake aliniambia baada ya mtoto kumaliza shule.

Wala si malalamiko tu. Nilishangaa jinsi watoto hawa wanavyoipenda shule ambayo sisi tunaidharau mbele yao. Walimtaja mwalimu wa Jiografia anayebaki na kidato cha nne mpaka jua linakaribia kuzama, bila malipo, akieleza kwanza kwa Kiswahili kisha akiwasaidia kuandika jibu kwa Kiingereza. Walimtaja mwalimu wa zamu aliyemtolea mwanafunzi mgonjwa nauli kutoka mfukoni mwake. Kijana mmoja wa kidato cha nne, ambaye mjomba wake alikuwa tayari kumlipia shule binafsi, alikataa kuhama. Nimeona pia kwamba wazazi wenye watoto pale sasa, hata wenye manung'uniko, husema kwa uangalifu zaidi kuliko wale ambao watoto wao wako kwingine.

Ulinganisho tunaoufanya nao hauna haki. Waliofaulu kwa kiwango cha juu darasa la saba huchukuliwa na shule za vipaji maalumu, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana zikiwa miongoni mwake. Wenye uwezo huwapeleka watoto wao shule binafsi. Shule ya kata humpokea kila aliyepangiwa, awe anasoma vizuri au bado anakokota silabi, kisha baada ya miaka minne tunaziweka zote kwenye mizani moja. Nilifurahi Baraza la Mitihani lilipoacha, Januari 2023, kutangaza orodha ya shule bora kitaifa, ingawa vibarazani orodha hizo bado zinatungwa.

Kwa kusema hivyo sifichi udhaifu. Sifuri katika shule yetu ni nyingi na zinaumiza. Mwalimu wa Fizikia ni mmoja kwa vidato vyote, na kijana wa kujitolea aliyekuwa akimsaidia aliondoka michango ya kumlipa posho ilipokatika. Mzazi aliyemhamisha mtoto wake kwa sababu hizo simlaumu. Ningependa hata yeye aulizwe kilichomwondoa, kwa maana hakuna aliyemuuliza.

Ombi langu kwa bodi ya shule, kwa mkuu wa shule na kwa ofisi ya elimu sekondari ya manispaa ni kwamba kabla ya kila mkutano wa wazazi kuwe na baraza la wanafunzi ambamo kila kidato kitatoa maoni yake kwa maandishi, bila majina, na maoni hayo yasomwe kwa sauti yakiwa ajenda ya kwanza, kabla ya ufaulu na kabla ya michango. Wajumbe wawili wa wanafunzi waketi nasi. Yatakayoweza kutekelezwa bila fedha, kama kuhamishia Hisabati asubuhi au kufungua kitabu cha adhabu, yajibiwe siku hiyo hiyo. Yanayohitaji fedha, kama maji ya vyooni na chakula kwa wasio na uwezo, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na jina la cheo cha atakayeyashughulikia. Kwa wazazi wenzangu ninaomba tufike shuleni siku ambayo hatukuitwa kwa kosa la mtoto, tukae nyuma ya darasa kipindi kimoja cha mchana, na ndipo tuzungumze vibarazani.

Barua yenye maombi haya nimeiwasilisha ofisini kwa mkuu wa shule, na nakala nimempa afisa mtendaji wa kata. Mkuu alinipokea vizuri na kuniahidi kuifikisha kwenye bodi kabla ya likizo ya Juni. Yule mama wa dagaa nimemwomba tuongozane siku ya mkutano, naye amekubali kuja, kwa sharti kwamba suala la madeni ya mahindi lisisomwe kwa majina ya watu.

Mzazi,
Ujiji, Kigoma.